Mawe ya Mkunazini na deni la watu wa Masasi



Korosho zikishauzwa na watu wakashika fedha kidogo, matangazo ya baada ya ibada hubadilika. Kwaya ya vijana inaandaa safari. Akina mama wa kanisa wanachangishana nauli. Mara hii wanashuka Mikindani, na mwakani, Mungu akipenda, watavuka bahari hadi Unguja waone Mji Mkongwe. Ni jambo jema. Mkristo anayetoka kijijini kwake na kuona alipopita Mungu na watu wa kale hurudi na macho mapana zaidi.

Lakini kabla hujalipa mchango wako, naomba tuulizane neno moja. Wewe mtu wa Masasi au wa Newala, unapoingia katika mji wa mawe wa pwani, unaingia kama nani? Kama mgeni anayeshangaa milango ya nakshi, au kama mjukuu anayefika mahali ambapo watu wa ukoo wake walipitishwa wakiwa wamefungwa kamba?

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli wamekwisha kuvuka Yordani. Yoshua anaagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, waokote mawe katikati ya mto, na mawe hayo yanasimamishwa Gilgali. Sababu inatajwa wazi: siku moja watoto watauliza habari za mawe yale, na wazazi wanapaswa kuwa na jibu. Angalia vizuri agizo hilo. Mawe hayakupewa kazi ya kusema. Kazi ya kusema alipewa mzazi. Mzazi akisahau, au akiona haya, mawe ya Gilgali yanabaki kuwa mawe tu, na mbuzi watapanda juu yake kujianika jua.

Sasa shuka nami kutoka Newala hadi pwani. Unaacha uwanda wa juu wa Makonde na vichaka vyake, unapita mikorosho na minazi, na mwisho unaiona ghuba ya Mikindani, maji yametulia kama yaliyo ndani ya bakuli. Mikindani ni mji mdogo leo. Bandari kubwa ilihamia Mtwara katikati ya karne iliyopita, na Mikindani ikabaki na nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zimesimama na baraza zao za mbao, nyingine zimeanguka na miti imeota ndani. Juu kidogo ya mji liko boma jeupe ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Siku hizi wageni hulala humo na kulipia chumba. Utaambiwa pia kwamba mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka katika ghuba hii, na kutoka hapa akaanza safari yake ya mwisho ya bara, ile ambayo hakurudi akiwa hai.

Hayo yote mtembeza wageni atakueleza. Ila liko jambo ambalo yeye hawezi kukueleza kwa niaba yako. Njia aliyopanda Livingstone kwenda bara ndiyo njia iliyokuwa ikishusha watu kwenda pwani. Misafara ilitoka ng'ambo ya Ruvuma na upande wa Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi zetu, ikafika Kilwa, Lindi na Mikindani. Ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu. Na kwa nini mababu wengi walijichimbia huko juu, katika vichaka vizito vya uwanda wa Makonde, ambako mpaka jana na juzi mwanamke alishuka bonde zima kutafuta ndoo moja ya maji? Mtu mwenye akili hujenga karibu na maji. Akijenga mbali na maji, ujue liko jambo analoliogopa kuliko kiu. Kwa hiyo ile shida ya maji ambayo bibi yako alikusimulia, nayo ni sehemu ya habari za nyumba hizi za mawe.

Ukivuka hadi Unguja, jambo hilo linakuwa wazi zaidi. Mji Mkongwe uliwekwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na kweli unastahili. Utaona vichochoro vyembamba, misikiti, hekalu la Wahindu, majumba ya masultani na nyumba za wafanyabiashara. Mwishowe watakupeleka Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Hapo ndipo mjukuu anapaswa kuvua viatu vya moyo wake.

Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash, akibanwa sana na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko yake. Siku ya Krismasi mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa juu ya uwanja ule. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Inasimuliwa kwamba altare hiyo imesimama mahali palipokuwa nguzo ya kuchapia watumwa. Nje, katika shimo, ziko sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Ndani uko msalaba wa mti uliotokana na mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa.

Wageni wengi wanafika hapo, wanainamisha vichwa, wanapiga picha, wanakwenda kutafuta pweza wa kuchoma Forodhani. Wewe huwezi kuishia hapo, kwa sababu habari ya Mkunazini haikuishia Mkunazini. Ilitoka pale ikaja kwenu.

Mwishoni mwa mwaka 1876 Steere alipanda chombo kutoka Unguja hadi Lindi, kisha akatembea kwa miguu kwenda bara. Alifuatana na kundi la watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa watumwa na sasa wamewekwa huru. Wengi wa watu wa namna hiyo walikuwa wamekamatwa baharini na manowari za Waingereza zilizowinda majahazi ya watumwa, wakashushwa Unguja na kupokewa na Misheni ya Vyuo Vikuu. Walizaliwa kusini, katika nchi zetu hizi na zile zilizo ng'ambo yake. Mpango wa askofu ulikuwa kusonga mbele zaidi, hadi kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Lakini walipofika Masasi, penye vilima vile vya mawe unavyoviona kila siku bila kuviangalia, waliiona ardhi ni njema, wakaomba kubaki. Wakabaki. Kijiji cha watu huru kikaanza hapo, na kutoka hapo likaanza kanisa la Masasi. Padri William Percival Johnson aliachwa kulitunza, na mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples.

Unaona, basi? Watu wengi wanaamini kwamba kanisa letu lililetwa na Wazungu. Wazungu walikuwamo, na tunawashukuru. Wengine wamelala makaburini katika nchi hii. Lakini waliotembea toka Lindi hadi Masasi na kujenga nyumba, kulima, kuomba kwa Kiswahili na kuzaa watoto hapo, ni watu waliokuwa wamepangwa sokoni kama mbuzi wa sikukuu. Mawe ya msingi wa kanisa la Masasi yalikuwa watu walionunuliwa na kuuzwa. Mungu hakungoja apate watu wenye majina makubwa.

Wala safari yao haikuwa hadithi ya raha mustarehe. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi. Watu waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Fikiri uchungu wa mtu aliyefungwa kamba utotoni, akafunguliwa Unguja, akabatizwa, akajenga kibanda chake chini ya kilima cha Masasi, kisha siku moja asubuhi akafungwa kamba mara ya pili. Maples na wenzake walihangaika kuwakomboa waliotekwa, na kituo kikahamishiwa Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa rafiki wa misheni. Ndiyo maana Newala na Masasi ni ndugu katika habari hii. Mmoja alipopigwa, mwenzake alimfungulia mlango.

Na lipo jina moja ambalo kila mtoto wa Kipaimara kwetu angepaswa kulijua. Cecil Majaliwa alizaliwa Myao, akatekwa angali mtoto, akafikishwa Unguja. Aliwekwa huru, akasoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kusoma zaidi, akarudi. Akatumwa Chitangali, huku huku kwetu karibu na Newala, kwa mkuu Barnaba Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Mtoto aliyeuzwa aliinua kikombe cha Bwana mbele ya watu wa nchi iliyompoteza. Tena jina lenyewe, Majaliwa! Ni yale ambayo Mungu humjalia mtu, si yale ambayo dalali humpangia bei.

Hapa ndugu msomaji mmoja ataniambia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa nini kufukua? Naelewa hofu yake. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mtu husimama penye shauri akiwa na mjomba wake nyuma yake. Mwanamke aliyetekwa hakuwa na mjomba wa kumsemea. Watoto wake walihesabiwa kwa bwana wake. Kwa hiyo aibu ile ilijificha ndani ya nyumba, na mpaka leo ziko posa zinazovunjika kwa neno linalonong'onwa nyuma ya mlango: wale hawana ukoo, wale bibi yao aliletwa. Wanaonong'ona hivyo ni watu waliopokea Meza ya Bwana Jumapili iliyopita. Nakuuliza: ndwele gani hiyo iliyopita, ikiwa bado inavunja ndoa za watoto wetu?

Jambo lisiposemwa hadharani kwa shukrani, litasemwa gizani kwa dharau. Israeli hawakuficha kwamba walikuwa watumwa. Walilitangaza kila mwaka mezani, watoto wakisikia. Ukoo wa kifalme wa Daudi ulianza na wafinyanzi wa matofali wa Farao, na hakuna aliyeona kwamba hilo linampunguzia Daudi heshima. Ikiwa bibi yako aliletwa, basi wewe ni mjukuu wa watu ambao Mungu aliwatazama kwanza. Mwenye kuona haya ni aliyeuza, si aliyeuzwa.

Lakini hapa napo tutembee polepole, maana ni rahisi kugeuza kumbukumbu kuwa fimbo ya kumchapia jirani. Wapo wanaotoka Mkunazini na Mikindani wakiwa na hasira juu ya Waarabu, na hasira hiyo ikifika nyumbani inakuwa hasira juu ya Waislamu, yaani juu ya shemeji zao na mama zao wadogo, kwa sababu familia nyingi za Newala zina dini zote mbili katika kiambaza kimoja. Hiyo si kumbukumbu ya kibiblia. Katika ujenzi wa kanisa lile la Mkunazini lenyewe, inasimuliwa kwamba mfanyabiashara wa Kihindu alitoa sehemu ya uwanja, na Sultani Barghash, Mwislamu, akatoa saa ya mnara. Na waliotutoa huku bara hawakuwa wageni peke yao. Misafara isingepata watu bila wakuu wa bara waliokubali kuuza. Hata Machemba wa Luagala, ambaye tunamheshimu kwa kumkatalia Mjerumani mwaka 1890, naye mkono wake ulikuwamo katika biashara hiyo. Shujaa wa uhuru wake, na mwuzaji wa uhuru wa mwenzake. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili. Ndivyo mwanadamu alivyo.

Tena Wakristo tusijitoe katika orodha. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apelekewe watumwa elfu moja kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwani. Wareno na Wabrazili walibeba watu kutoka pwani ya Msumbiji, majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, wakawavusha bahari mbili hadi Rio de Janeiro. Huko Brazil kuna mji mwingine wa kale wa pwani, Salvador, uliokuwa makao makuu ya nchi ile tangu 1549 hadi 1763. Watalii huupenda kwa nyumba zake za rangi rangi na makanisa yake. Kiini cha mji huo huitwa Pelourinho, na maana ya jina hilo ni nguzo ya kufungia watu na kuwachapa. Katika mji huo kuna kanisa ambalo ndani yake limepakwa dhahabu kutoka ukutani hadi darini. Na kuna kanisa jingine, la Mama Yetu wa Rozari wa Weusi, lililojengwa na chama cha Wakristo weusi, watumwa na waliowekwa huru. Waliochapwa na waliochapa walisali kwa Bwana mmoja, na Brazil haikukomesha utumwa mpaka mwaka 1888.

Kwa hiyo Mkunazini altare iliwekwa, kama inavyosimuliwa, mahali pa nguzo ya kuchapia. Salvador altare ya dhahabu na nguzo ya kuchapia vilisimama katika mji mmoja kwa miaka mingi, na misa ikaendelea. Kanisa linaweza kufanya mojawapo ya hayo mawili. Hilo ndilo linalonifanya niandike leo, kwa maana sisi nasi tumo katika kuchagua.

Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, uisome polepole jioni hii. Musa anawaagiza watu wasipotoshe haki ya mgeni na yatima. Wasichukue vazi la mjane kuwa rehani. Wakivuna, wasirudi nyuma kuokota walichokisahau, wakiachie maskini. Na sababu anayowapa ni moja, anairudia: walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Katika Biblia, kumbukumbu ya utumwa haiishii katika machozi wala katika hasira. Inaishia katika neno dogo: kwa hiyo. Tulikuwa watumwa, kwa hiyo mjane wetu hatanyang'anywa nguo. Tulikuwa watumwa, kwa hiyo mgeni atapewa haki. Mtu anayefika Mkunazini na kurudi bila neno hilo amefanya utalii. Utalii si dhambi, ila usiuite hija.

Je, sisi «kwa hiyo» yetu ni ipi?

Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini dalali hajafa. Siku hizi haji na kamba. Anakuja na simu na maneno mazuri, katika ile miezi ambayo fedha ya korosho imekwisha na unga umepungua ghalani. Anamkuta mama mwenye watoto watano. Anamwambia binti wa miaka kumi na mitatu atasomeshwa mjini, atakaa kwa watu wema, atatuma fedha. Binti anapanda basi alfajiri. Huko anaamka kabla ya wote, analala baada ya wote, hasomi, mshahara wake anapokea mtu mwingine, na simu ya nyumbani anapiga mwenye nyumba akitaka. Anayemtumikisha huenda ni mtu wa kanisa. Aliyemtafuta huenda ni shangazi. Nchi yetu ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na sheria ya mtoto tangu 2009. Lakini sheria haikai kijijini kuangalia basi la alfajiri. Anayekaa kijijini ni wewe, ni mzee wa kanisa, ni katekista, ni mama wa jumuiya.

Kama kuna kanisa lolote katika Tanzania ambalo halina ruhusa ya kunyamaza juu ya mtoto anayepelekwa mbali kwa ahadi ya uongo, ni kanisa la Masasi na Newala. Sisi tulizaliwa na watoto wa namna hiyo. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alikuja kwetu baada ya kupiga kelele dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, na aliendelea kupiga kelele alipoondoka. Hakuona kwamba injili na kelele hiyo ni vitu viwili.

Basi, safari yenu iendelee. Ila naomba iwe na mambo matatu. Kabla ya kuondoka, kaeni jioni moja na wazee wa parokia, Wakristo na Waislamu pia, mwaulize walisikia nini kwa bibi zao kuhusu njia ya pwani na kuhusu siku za kukimbilia vichakani. Wengine watanyamaza. Heshimuni kimya chao. Wengine watasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza, na huenda hakuna atakayewauliza tena. Mkifika, simu zikae mifukoni kwanza. Someni Yoshua 4 kwa sauti mbele ya lile shimo au katika magofu ya Mikindani, tajeni majina ya waliotangulia mnaowajua, na walio wengi ambao majina yao Mungu peke yake anayajua, kisha mkae kimya. Picha mtapiga baadaye.

Na mkirudi, hapo ndipo kazi. Jumapili ya kwanza, badala ya kueleza tu jinsi boti lilivyoyumba na nani alitapika, kanisa lijiulize: ni watoto wangapi wa mtaa wetu wako mijini, kwa nani, na nani alizungumza nao mwezi huu? Liandikwe daftari. Mzee mmoja apewe kazi ya kupiga simu na kuomba kusema na mtoto mwenyewe, si na tajiri wake. Mama anayetaka kumtoa binti kwa sababu ya njaa, apewe debe la unga kabla dalali hajafika. Si mambo makubwa. Debe la unga na simu ya dakika tano. Lakini kama pangalikuwa na mtu wa kupiga simu ya namna hiyo kwa ajili ya Majaliwa mdogo, alipopotea kwao, tungaliandika historia nyingine.

Kuna neno la nabii Isaya, sura ya 51, linalowaambia watu wautazame mwamba waliochongwa kwao. Mwamba wetu ni hawa: watu waliohesabiwa sokoni, wakahesabiwa tena na Mungu, wakatembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka chini ya vilima vya Masasi, wakasema hapa patatutosha. Mtoto wako akikuuliza walikuwa nani, usimwambie hujui. Mwambie walikuwa watumwa, Bwana akawatoa, na kwa hiyo katika nyumba hii hakuna mtoto wa mtu atakayeuzwa.

Jumapili njema.